Mayai Sitini ya Mbao

Jumanne, 3 Machi

Ijulikane kwa yeyote atakayelifungua daftari hili, awe ndugu, jirani au panya, kwamba leo saa nne na robo asubuhi, ndani ya karakana ya marehemu mume wangu, mbele ya mashahidi wawili, yaani jiriwa iliyobana mbao na randa, nimekata kwa mikono yangu yai la kwanza la mbao. Lina urefu wa inchi nne na unene wa nusu inchi. Linafanana na kiazi.

La pili linafanana na kiazi kilichokaliwa.

La tatu ni yai. Nimeliweka dirishani, nikarudi nyuma hatua tatu, nikalitazama kama mgeni. Ni yai kabisa. Yamebaki hamsini na tisa.

Sasa nieleze kwa nini mwanamke wa miaka hamsini na minne, fundi cherehani aliyeacha kushona kwa sababu ya macho, anakata mayai. Ni kwa sababu ya hasira.

Juzi Shemeji, mdogo wake marehemu, aliingia humu mikono ikiwa nyuma kama mkaguzi. Kiwanja ni cha ukoo wao na karakana imeegemea ukuta wa ua wake, basi anajiona waziri wa ardhi.

"Shemeji," akasema, "hiki chumba kimelala."

"Kimelala vipi na mimi nimo ndani?"

"Wewe unafagia tu. Karakana ni kazi. Kuna bwana mmoja anauza barafu, anatafuta mahali pa kuweka friza. Mtu wa maana. Kama mpaka Pasaka hapajatoka humu kazi ya kueleweka, namkabidhi ufunguo."

Kisha akafumba jicho moja, akaelekeza kidole mahali lilipo benchi la marehemu. "Friza itakaa pale. Inatosha."

Huyu ndiye Shemeji. Hajawahi kupima kitu tangu azaliwe. Hufumba jicho moja na kusema inatosha.

Mimi kwa miaka ishirini na miwili nilishika ncha ya pili ya kila mbao iliyokatwa humu. Marehemu, Fundi kama wote walivyomwita, alikuwa ncha yenye msumeno, mimi ncha ya kushikilia. Hakunifundisha kitu. Nilikuwa natazama tu, na hakuna aliyenikataza kutazama. Leo naambiwa nafagia!

Jana Wifi, dada yao mkubwa, mwenyekiti wa kamati ya mapambo ya ukumbi wa kanisa, alikuja kunywa chai akilalamika kwamba mapambo ya karatasi ya mwaka jana yameliwa na mende. Kabla hajafika nusu ya kikombe nilikuwa nimemwahidi mayai sitini ya mbao, yaliyopakwa rangi, yenye tundu na kamba ya kutundikia.

"Utayaweza, Wifi?"

"Kwani wewe ulipokuwa mwenyekiti uliulizwa?"

Kazi ya kueleweka hiyo hapo.

Jumatano, 4 Machi

Mayai matano. Plasta mbili.

Ijumaa, 6 Machi

Wifi amekuja na simu. Ndani ya simu kuna sungura.

"Wifi, naongeza sungura kumi na wawili. Wamesimama, masikio juu, hivi."

Nikamuuliza sungura anahusikaje na Ufufuko.

"Wifi yangu, mimi sijaleta mjadala. Nimeleta sungura."

Ameondoka na yai langu la mfano ili akaionyeshe kamati. Hiyo kamati sijawahi kuiona. Nashuku ni yeye na kioo.

Jumatatu, 9 Machi

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mbao ina nyuzi kama kitambaa. Kitu chembamba kama sikio la sungura lazima kilale kwa kufuata nyuzi. Ukikikata kwa kuzikatisha kitavunjika hata ukikikoholea tu. Hili linajulikana na yeyote aliyewahi kushika ncha ya pili.

Asubuhi nilikuwa nachora sungura kwenye ubao kwa kufuata patani yangu ya kadibodi, Shemeji akaja kukagua usingizi wa karakana. Akanitazama. Akacheka kwa pua.

"Unapoteza mbao, Shemeji. Walaze hivi, wanaingia wengi zaidi. Hebu sogea nikuonyeshe mwanamume anavyokata."

"Nyuzi zinakwenda kule."

"Sungura hana habari na nyuzi."

Nikasogea. Kosa langu ni hilo, nilisogea, kwa kuwa miaka ishirini na miwili ya kusogea haitoki mwilini kwa siku moja. Akakata sungura sita kwa fahari kubwa, akapangusa jasho, akaondoka akipiga mluzi. Nikaanza kupiga msasa. Tap. Sikio. Tap. Sikio. Kufika saa sita nilikuwa na sungura sita na sikio moja.

Aliporudi nikampangia mezani kama maiti.

Akawatazama. Akakohoa. "Waite dubu," akasema.

Dubu wa Pasaka! Nimewakata upya wote sita wakawa vifaranga. Kifaranga hana masikio, basi hata Shemeji hawezi kumharibu. Wifi amepigiwa simu, amesema kamati imeridhia sungura sita na vifaranga sita. Kamati ilijibu haraka sana, hata mate hayajakauka.

Jumatano, 11 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimekwenda kununua rangi, nimerudi saa nane nimelowa. Kuna alama ya penseli kwenye fremu ya mlango wa karakana, mstari mfupi upande wa kushoto na mwingine kulia. Sikuiweka mimi. Nani kachora fremu ya Fundi?

Alhamisi, 12 Machi

Wifi ameapa si yeye. Nimemuuliza Shemeji.

"Alama gani?"

"Hii hapa. Na hii."

Akaangalia pembeni. "Labda mvua."

Mvua yenye penseli. Nimerudi kwenye mayai yangu kwa sababu nilikuwa na brashi mkononi, na mtu mwenye hasira hapaswi kuwa na brashi yenye rangi nyekundu karibu na shati la mwenzake.

Mayai thelathini na moja.

Jumapili, 15 Machi

Mvua haijakata. Rangi haikauki. Mtu wa duka aliniambia saa mbili tu, mama, inakuwa kavu kabisa. Saa mbili za nchi gani? Yai nililopaka Alhamisi bado linanata kama mtoto aliyekula muwa.

Na mimi, mwerevu, niliyalaza juu ya magazeti. Leo nimeyabandua. Kila yai limeondoka na habari zake mgongoni. Moja lina matokeo ya mpira. Moja lina bei ya simenti. Moja lina nusu ya uso wa mtu mkubwa anayekata utepe, nalo nimelikwangua kwa furaha.

Yai namba kumi na nne lilidaka ukurasa wa tanzia. Nimekwangua, nimepiga msasa, nimepaka tena. Yamebaki maneno mawili, madogo, katikati kabisa: ameacha mjane.

Nimelipaka mara ya tatu. Yanaonekana.

Nimelitupa kwenye kopo la misumari. Hilo litatundikwa nyuma ya nguzo au halitatundikwa.

Jumatatu, 16 Machi

Mvua.

Jumanne, 17 Machi

Mvua. Wifi amepiga simu kuuliza kama manjano inaweza kuwa "manjano ya furaha zaidi." Nimemwambia rangi inaandikwa namba kwenye kopo, si tabia.

Ijumaa, 20 Machi

Shemeji sasa anakuja kila siku. Saa tatu yupo. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai yangu, anatazama mayai yangu yanayoning'inia kwenye kamba ya nguo, anatikisa kichwa.

"Zimebaki wiki mbili, Shemeji."

"Najua kuhesabu."

"Mwenye friza ananisumbua kweli kweli. Kila siku, lini, lini."

"Mwambie asubiri Pasaka kama Wakristo wengine."

Hebu fikiria. Mtu ana nyumba yake, ana redio yake, ana kiti chenye mito, anakuja kukaa juu ya ndoo ili anifukuze vizuri. Mtu wa kukufukuza si angekuja mara moja na ufunguo? Huyu anakuja na miwani na gazeti, ananisomea habari kwa sauti, kisha ananikumbusha kwamba nitaondoka.

Jambo moja la ajabu. Yai namba kumi na nne halimo kwenye kopo la misumari. Namshuku panya.

Jumanne, 24 Machi

Wifi anataka kaburi.

Nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya mvua kwenye bati.

"Kaburi tupu, Wifi. La mbao. Limepakwa kama mawe. Mtoto anaingia, hamkuti mtu, anatoka kutangaza. Kamati imeona itapendeza."

"Kamati imeona ikiwa wapi?"

"Futi tatu kila upande, ili na wale watoto wanene wasiumie hisia. Na jiwe la mviringo la kusukuma."

"Wifi, zimebaki siku kumi na mbili."

"Yule wa kwanza alihitaji tatu."

Mwanamke huyu angekuwa na ndevu angekuwa askofu. Nilikuwa nimejiandaa kukataa, sentensi nzima nilikuwa nimeshaipanga, ndipo Shemeji juu ya ndoo yake akacheka kwa pua na kusema, "Hawezi huyo. Mayai, sawa. Kaburi ni kazi ya fundi."

Basi nimekubali kaburi.

Jumamosi, 28 Machi

Plaiwudi ya Fundi iliyobaki imetosha, karatasi tatu na kipande. Nimepima mara mbili kila upande. Kama nilivyoshona, ndivyo ninavyopigilia: futi shingoni, penseli sikioni, pini mdomoni, ila sasa pini ni misumari. Gundi kwenye kila kiungo, misumari kila inchi nne, vipande vya pembe kwa ndani. Nimelipanda juu nikaruka. Halikulia hata kidogo.

Shemeji aliligonga kwa kidole, akazunguka, akaligonga tena. Akachukua kipande cha msasa, bila kuombwa, akaanza kulainisha kingo za mlango wa kaburi, pale mikono ya watoto itakaposhika.

"Unafanya nini?"

"Nakagua," akasema, na kuendelea kupiga msasa mpaka saa saba.

Jumatatu, 30 Machi

Jua! Mayai hamsini na tisa yamekauka. Kaburi limepakwa kijivu, na mawe nimeyachora kwa brashi ndogo. Wifi amesema mawe yamechangamka mno. Nimempa brashi. Akakumbuka ana kikao.

Alhamisi, 2 Aprili

Yai namba kumi na nne limerudi. Nimelikuta juu ya benchi asubuhi, limepigwa msasa mpaka likakonda, likabaki jembamba kuliko wenzake wote, halina rangi wala neno. Panya hajui kupiga msasa.

Nimelipaka manjano. Ile ya furaha zaidi.

Sitini.

Jumamosi, 4 Aprili

Nitaandika yote, hata yanayoniaibisha. Daftari ni langu.

Saa tatu asubuhi walikuja vijana wanne wa kwaya na mkokoteni. Mayai yakatoka kwenye makasha, sungura wakatoka, masikio yao kumi na mawili yakiwa salama, vifaranga wakatoka. Kisha wakalinyanyua kaburi, huyu huku, huyu kule, moja mbili tatu, wakaenda nalo mlangoni.

Likagonga.

Wakaligeuza. Likagonga. Wakalilaza ubavu. Futi tatu ni futi tatu hata ukilisimamisha kichwa chini. Mlango wa karakana ni inchi ishirini na nane.

Mimi, mwenye futi shingoni! Mimi niliyemcheka mtu kwa kufumba jicho moja! Nilipima kila kitu ndani ya chumba hiki isipokuwa njia ya kutokea. Nilikuwa na misumari mdomoni, nikaitema mkononi kabla sijaimeza.

Kijana mmoja akasema, "Mama, wenzio walisukuma jiwe tu."

Wifi alifika saa hiyohiyo, akatazama, akashika kichwa. "Kaburi haliwezi kutoka kaburini! Nitaiambia nini kamati?"

"Waambie waje wote wawili, wewe na kioo, mlisukume!"

Haikuwa busara. Lakini wiki tano za manjano ya furaha zilikuwa zimenifika hapa.

"Vunjeni fremu," Wifi akaamuru. "Fremu tu hiyo. Itarudishwa."

Vijana wakanitazama. Mimi nikamtazama Shemeji, aliyekuwa ameinuka kutoka kwenye ndoo. Nilijua atakalosema. Alikuwa amelisubiri tangu tarehe moja ya mwezi wa tatu: kazi haijatoka, Pasaka ni kesho, lete ufunguo. Nilikuwa nimeshauweka mkono kwenye mfuko wa aproni, juu ya ufunguo, nikisema moyoni kwamba sitampa, atanivunja mkono kwanza.

Shemeji akaenda mlangoni. Akaweka kiganja kwenye fremu, mahali penye ile alama ya penseli, akaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili alama.

"Fremu hakuna wa kuigusa," akasema. "Kaka aliiweka siku aliyopata homa, na bado imenyooka. Shemeji, lete msumeno."

"Wa nini?"

"Tunalikata katikati. Utalifunga kwa bawaba, litafunguka kama sanduku. Una bawaba?"

Nilikuwa nazo nne, za shaba, za kabati ambalo Fundi hakulimaliza.

"Basi kata. Mimi nashika huku."

Akashika ncha ya pili. Aliishika vibaya, kama mtu anayemzuia mbuzi, na kila baada ya dakika mbili ilibidi nimwambie, "Usisukume, wewe shika tu," naye akajibu, "Nashika, Shemeji, nashika." Tulikata saa nzima. Mstari wa penseli niliuchora mimi, kwa rula, na msumeno haukutoka nje ya mstari hata unene wa unywele. Vijana walitoka nje wakala karanga. Wifi alikaa juu ya ndoo na hakushauri chochote, jambo ambalo sijui nani alimfanyia maombi.

Nusu ya kwanza ikapita. Nusu ya pili ikapita. Bawaba nilizifunga huko huko ukumbini, nikajigonga kidole gumba kwa nyundo mbele ya picha takatifu, nikasema nilichosema.

Jumapili, 5 Aprili

Ukumbi ulipendeza, nisidanganye. Mayai sitini yaliyumba juu ya vichwa vya watu kila mlango ulipofunguliwa. Watoto walipanga mstari kuingia kaburini. Mmoja aliingia akagoma kutoka, ikabidi mama yake amtangazie Ufufuko kwa kumvuta ukosi wa kanzu.

Mchungaji akasimama. Akasema amependezwa hasa na kaburi linalofunguka katikati, kwamba kuna fumbo zito ndani yake, mauti kupasuliwa mara mbili. Watu wakasema amina. Wifi akainuka, kofia yake ikainuka naye.

"Ndivyo kamati ilivyolipanga tangu mwanzo," akasema. "Kamati imejituma sana."

Makofi.

Kamati! Kidole gumba kimevimba kama bilinganya, kucha imekuwa nyeusi, na kamati imejituma! Niligeuka ili nipate mtu wa kukasirika naye, na safu ya nyuma yangu alikuwa Shemeji. Alikuwa hapigi makofi. Alikuwa amefumba jicho moja, anaangalia juu, kwenye yai moja jembamba la manjano.

"Inatosha," akaniambia.

Sikujua kama anasema juu ya yai, juu ya karakana au juu ya hotuba ya dada yake. Sikumuuliza. Nilikaa nikafikiria kwamba leo ndiyo Pasaka, kazi imetoka na inaonekana na kila mwenye macho, na kesho nitamtafuta mwenye friza nimwambie uso kwa uso atafute kwingine. Nalala nikiwa nimeshaitunga hotuba.

Jumatatu, 6 Aprili

Hotuba ilikuwa nzuri. Ilikuwa na vipengele vitatu.

Nilimkuta mwenye friza njia panda, dukani kwake, maana kumbe ana duka, lina kibao na limepakwa buluu, na friza imo ndani inanguruma. Nilikuwa nimekwenda pia kununua barafu ya kidole. Nikaanza kipengele cha kwanza, kuhusu wajane na haki zao. Akanisikiliza huku akifunga barafu kwenye mfuko.

"Mama," akasema nilipovuta pumzi, "mbona hiyo karakana mimi niliiacha zamani? Nilikuja tarehe kumi na moja ya mwezi wa tatu, siku ile ya mvua, hukuwepo. Nikaupima mlango, nikaweka alama kwa penseli. Nikamwambia shemeji yako pale pale, haifai. Kesho yake nikapata hapa. Hakukuambia?"

Siku ishirini na sita! Siku ishirini na sita nimekunywa chai na mtu anayenitisha kwa friza iliyokwisha kupata kwake. "Ananisumbua kweli kweli, kila siku, lini, lini." Niliipima friza kwa futi yangu ya shingoni, nikarudi nyumbani mbio, barafu inanichuruzikia kwenye kiwiko, na vipengele vyangu vitatu vimekuwa tisa.

Shemeji alikuwa karakanani, juu ya ndoo. Alikuwa amefagia. Kulikuwa na vikombe viwili vya chai kwenye benchi, kimoja kimefunikwa kwa kisahani.

"Shemeji," akasema kabla sijafungua mdomo, bila kunitazama, "nimefikiria. Hii ya Pasaka nimeiona. Lakini kazi moja si kazi. Nakupa mpaka Krismasi. Kama mpaka Krismasi hapajatoka kazi nyingine ya kueleweka, mwenye friza anaingia. Hana subira yule bwana."

Nikaitazama alama ya penseli kwenye fremu. Nikakitazama kile kisahani. Nikakaa.

"Sawa, Shemeji," nikasema.

Mlango ni inchi ishirini na nane. Friza ni thelathini na moja.